Kocha Kwao Ni Wapi? Hotuba Yangu ya Bonanza, Columbus, Ohio

Nyinyi ambao hamkufika Jumamosi kwa sababu ya shifti, hii hapa hotuba yote, kijana wangu alirekodi kwa simu na mimi nikakaa usiku nikaiandika. Picha za projekta nimeziruka, hata pale paki zenyewe hazikuonekana kwa sababu ya jua.

*

Wazee wetu, hamjambo? Akina mama je? Ba papa na ba mama wa Congo, habari yenu? Wabongo, wakubwa wote shikamooni. Na nyinyi mlioko kule kwa nyama choma, geuzeni nyama lakini masikio yaje huku.

Niliambiwa niongee kuhusu michezo na umoja. Sasa umoja mimi sijausomea, nitaongea kuhusu makocha, na kama umoja utapita hapo katikati tutausalimia.

Swali la kwanza. Nani hapa anashabikia Michigan, wapinzani wa Ohio State yetu? Nyoosha mkono. Mnaona? Hata mkono wanaogopa kunyoosha, na tuko kwa bonanza la ndugu!

Mimi nilifika mji huu mwezi wa Novemba, nikapata kazi ya usafi pale chuoni Ohio State, na sikujua kumbe nimeingia wiki ya mechi na Michigan. Naingia kazini nakuta kila herufi M kwenye kila kibao imepigwa tepu nyekundu, X kubwa. Mimi nikajua labda kuna ukarabati umeisha watu wakasahau kutoa tepu, nikaanza kubandua. Nilibandua tatu kabla supavaisa hajanifikia mbio akipiga kelele kama nimeiba kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa futiboli ya hapa, ile ya kushika mpira mikononi.

Hawa watu wanachezeana toka 1897. Ule uwanja wetu wa kiatu cha farasi unaingiza watu zaidi ya laki moja, na ni chuo, jamani, ni wanafunzi wanaocheza. Na uhasama wenyewe mimi nauheshimu. Woody Hayes alikuwa kocha hapa toka 1951, na yule Bo Schembechler aliyeenda kufundisha Michigan 1969 alikuwa kijana wake kabisa, alimchezea, akawa msaidizi wake, na mwaka wake wa kwanza tu kule akamfunga mwalimu wake. Wakagombana miaka kumi mpaka Woody alipompiga ngumi mchezaji wa chuo cha Clemson mwisho wa 1978, akafutwa kazi. Wote wawili watoto wa Ohio, hakuna wa kumuuliza mwenzake kwao ni wapi. Mnaona? Uhasama hauhitaji kabila ndio uwe mtamu.

Sisi wa Kenya tunajua ule wenye kabila ndani. Mimi ni Ingwe wa damu, AFC Leopards, ile iliyoanza 1964 ikiitwa Abaluhya, na serikali ilipokataza majina ya kikabila tukabadilisha maneno lakini A tukaiacha pale pale, tusidanganyane. Mke wangu ni K'Ogalo, Gor Mahia, 1968. Dabi yetu inaitwaje? Dabi ya Mashemeji. Kwa sababu Waluhya na Wajaluo wanaoana, ukimtukana shabiki wa Gor Jumapili, Jumatatu unakuta umemtukana baba mkwe. Mimi yamenikuta. Nimewahi kula Krismasi nzima nikiwa nimenyamaza kwa sababu ya penalti.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia muache kushabikia. Shabikieni mpaka mkauke koo. Mimi nataka tuongee kuhusu kile kinachotokea kocha akianza kufungwa.

Mnakumbuka tarehe 20 Januari 2025? Fainali ya futiboli ya vyuo, Ohio State na Notre Dame, kule Atlanta. Tulikuwa besmenti ya mtu fulani hapa, hamsini na kitu, viatu vimejaa mlangoni kama msikitini. Kocha wa Notre Dame alikuwa Marcus Freeman, kocha Mweusi wa kwanza kufika fainali hiyo. Sasa mzozo ukaanza hata kabla mpira haujapigwa. Huyu anasema mimi leo niko na Freeman, ni ndugu yetu, rangi ni rangi. Yule anasema ndugu gani, wewe unalipa kodi ya nyumba Columbus, timu yako ni ya Columbus. Mwingine anadakia, kwanza mama yake ni Mkorea, kwa hiyo ni nusu tu. Mwingine tena, lakini huyo huyo Freeman alicheza hapa hapa Ohio State, kwa hiyo ni mtoto wetu ametumwa kwa jirani! Kelele. Mpaka mzee mmoja, namuona pale ameketi, samahani mzee sitakutaja, akauliza lile swali letu la Afrika Mashariki nzima.

"Lakini huyu kijana, kwao ni wapi?"

Tulicheka, si ndio? Ohio State wakashinda 34 kwa 23, tukala, tukaenda kulala. Lakini mimi sikulala. Lile swali lilinikalia. Kwa sababu nilianza kujiuliza, hiyo timu yenyewe ya Notre Dame, kwao ni wapi?

Hebu nisikilizeni. Notre Dame iko Indiana, saa nne hivi kwa gari kutoka hapa, chuo cha Wakatoliki, na jina la timu ni Waairishi Wapiganaji. Yaani jina la timu ni kabila! Ni kama Abaluhya kabisa. Na mjue enzi hizo Mkatoliki wa Ireland hapa Marekani hakuwa mtu wa maana, hilo jina lenyewe lilikuwa tusi la viwanjani. Mwezi wa Mei 1924 wale Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walikuja pale South Bend, mji ulio jirani na chuo, kuandamana, na Wakatoliki walikuwa kwenye orodha ya wanaochukiwa, wanafunzi wa Notre Dame wakatoka wakapigana nao barabarani. 1927 chuo kikasema sawa, tumelichukua jina, sasa ni letu rasmi.

Na kocha aliyewafanya hao Waairishi wajulikane nchi nzima alikuwa nani? Knute Rockne. Kwao ni wapi? Norway! Kazaliwa Voss, kaja Amerika mtoto, na hata Ukatoliki aliuingia 1925 akiwa tayari ni bingwa. Mnorwe ndiye baba wa Waairishi. Mzee, hapo ungeuliza lile swali ungepotea.

Sasa rukeni mpaka Desemba 2001. Notre Dame wanatafuta kocha, wanapata mtu anaitwa George O'Leary. Jina hilo! Ukilisikia tu unasikia harufu ya viazi vya Ireland. Wakafurahi, mtoto wa nyumbani amerudi. Alikaa siku tano. Siku tano! Ikagundulika sivii yake ina uongo, ameandika digrii ambayo hana na timu ambayo hakuichezea. Akaondoka. Jina zuri, kabila sawa, dini sawa, siku tano.

Ndio wakamchukua Tyrone Willingham, kocha mkuu wa kwanza Mweusi kwenye futiboli ya chuo hicho. Na hapa naomba hata wenye nyama wasimame kidogo kwa sababu hapa ndipo penye hotuba yangu.

Willingham msimu wa kwanza, 2002, alishinda mechi nane za mwanzo mfululizo. Nane! Akaishia na ushindi kumi na kufungwa tatu. Misimu miwili iliyofuata mambo yakawa mabaya, nisiwadanganye, yalikuwa mabaya. Jumla ya miaka mitatu, ameshinda 21, amefungwa 15. Wakamfukuza, mkataba bado upo. Kabla yake kulikuwa na Gerry Faust, hakufanikiwa, alipewa miaka mitano. Bob Davie, hakufanikiwa, alipewa miaka mitano. Willingham, mitatu. Mpaka padri aliyekuwa rais wa chuo, Malloy, akasema hadharani kwamba ameona aibu.

Akaja Charlie Weis. Mzungu, alisoma pale pale, mtoto wa nyumbani. Hajamaliza hata msimu wa kwanza, ameongezewa mkataba wa miaka kumi. Sasa nipeni hesabu yake ya miaka mitatu ya kwanza. Ameshinda 22, amefungwa 15.

Narudia kwa sababu naona watu wanakunywa soda. Willingham 21 na 15, kwaheri. Weis 22 na 15, endelea baba. Tofauti ni mechi moja! Na ule mwaka wake wa tatu Weis alifungwa mechi tisa, wakasema anajenga timu. Akapewa miaka yake mitano kamili, na alipoondolewa wakamlipa pesa za mkataba uliobaki, karibu dola milioni 19, akae nyumbani asifundishe.

Najua kuna mtu hapa atasema, na mtu huyo hupenda kuongea baada ya hotuba, kwamba Willingham hakuwa kocha mzuri kihivyo, si alienda chuo cha Washington akafungwa mechi zote 12 mwaka 2008? Kweli. Alifungwa zote 12. Lakini mimi sijasema alikuwa malaika wa futiboli. Mimi nauliza subira. Kwa nini subira ya mmoja ni miaka mitatu na ya mwingine ni mitano na mkataba wa kumi juu? Kumwajiri mtu si ndio kumpokea. Kumpokea ni pale anapofungwa na wewe bado unamwita kocha.

Ndio maana hadithi ya Freeman mimi hunifurahisha, na hainifurahishi kwa rangi wala Ukorea wake. Freeman alipoanza Notre Dame alifungwa mechi tatu za kwanza, hakuna kocha wa pale aliyewahi kuanza hivyo, ya tatu alifungwa nyumbani na Marshall, timu ambayo ikikufunga hutaki jirani ajue. Hawakumfukuza. Septemba 2024 akafungwa tena nyumbani na Northern Illinois, 16 kwa 14, mashabiki wakawaka moto. Hawakumfukuza. Akashinda kumi na tatu mfululizo mpaka ile fainali. Chuo kilekile! Miaka ishirini imepita, kimejifunza kungoja.

Na msione nawasema wao tu. Ryan Day, kocha wetu sisi hapa, alifungwa na Michigan mara nne mfululizo, ile ya mwisho Novemba 30, 2024, 13 kwa 10, hapa hapa nyumbani, wale wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, vijana wakapigana mpaka polisi wakapuliza ile dawa ya macho. Usiku huo mimi niliandika nini kwenye grupu? Niliandika aende, afungashe. Wiki saba baadaye amebeba kombe la taifa na mimi niko barabarani napiga honi. Mna simu zenu, sikatai.

Nije kwa ndugu zangu wa Congo. Mnamjua Mutombo? (Kelele.) Najua mnamjua, Mungu amlaze pema, alituacha Septemba 2024. Dikembe Mutombo, yule nyota wa basketi, alitoka Kinshasa akaenda chuo cha Georgetown, Washington, na alienda kusomea udaktari, hakwenda kwa mpira. Kocha wa basketi pale alikuwa John Thompson, mtu mrefu kama mlango wa kanisa, taulo jeupe begani. Thompson ndiye akamwita kijana aje acheze.

Huyu Thompson aliichukua Georgetown 1972, msimu uliotangulia ilishinda mechi tatu ikafungwa 23. Msimu wa 1975 wanafungwa fungwa, siku moja kwenye ukumbi wao wenyewe, nyumbani, likaning'inizwa shuka limeandikwa Thompson aende, na tusi la rangi likiwa hapo katikati, sitalisema mbele ya watoto. Kumbe kufungwa kwake kulikuwa na rangi. Chuo hakikumtoa. Msimu uleule timu ikaingia mashindano ya taifa mara ya kwanza toka 1943, na 1984 akawa kocha Mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa basketi wa wanaume wa vyuo vya daraja la kwanza.

Na bado! Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wanamrushia maganda ya ndizi Patrick Ewing, kijana mzaliwa wa Jamaika, wanabeba mabango eti hajui kusoma. Thompson naye alijua uhasama, msifikiri alikuwa mpole. 1980 alienda kucheza na chuo cha Syracuse, watu hawajafungwa nyumbani mechi 57, na ndiyo mechi yao ya mwisho kwenye ukumbi ule wa zamani, akawafunga 52 kwa 50, akatangaza kwamba ukumbi sasa umefungwa rasmi. Hapo ndipo utani unapokuwa utani! Watu wa Syracuse wanamchukia mpaka leo kwa raha zao. Maganda ya ndizi na maneno kama hayo si kitu kimoja, na nyinyi mnajua tofauti, msijifanye.

Alipochukua kombe wakamuuliza anajisikiaje kuwa Mweusi wa kwanza. Alikasirika. Alisema swali hilo ni kama kusema kabla yake hakukuwa na Mweusi mwingine mwenye uwezo, wakati waliokosa walikosa nafasi tu.

Nafasi, na muda.

Haya, sasa tuache Wamarekani. Kule nyumbani Gor wamefundishwa na Logarusic kutoka Croatia, Williamson Mskoti, Nuttall Mskoti tena, huyo 2015 alichukua ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mmewahi kusikia shabiki wa Gor akiuliza Nuttall ni wa kaunti gani? Mzungu haulizwi. Lakini mlete kocha Mluhya pale Gor, au Mjaluo kwetu Ingwe, afungwe mbili mfululizo. Shemeji zangu nawaona mnacheka, mnajua ninachosema. Kufungwa kwa wa kwetu kunaitwa bahati mbaya, kwa jirani kunaitwa hujuma.

Na hii sehemu ya mwisho sikuiweka kwenye karatasi niliyompa mwenyekiti.

Timu yetu hii ya soka, ya Jumapili. Mnajua mimi ndiye katibu. Misimu miwili iliyopita tulikuwa na kocha Mrundi. Mtu aliyeanzia ukocha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mipira ya kushona kwa mkono, mtu anaijua kazi. Alifungwa mechi tatu. Kwenye grupu mtu akaandika, huyu hata kwao ni wapi? Siku mbili baadaye mimi katibu nikaandika meseji ya kumtoa. Kwa WhatsApp. Sikumpigia hata simu.

Baadaye tukampata kocha mwingine. Anatoka kwetu. Kwetu kwetu, tunaongea lugha moja, mama yake na shangazi yangu wanauza soko moja. Yeye alifungwa mechi sita.

Wiki iliyopita nikitayarisha hotuba hii, nimejaa Willingham na Weis kichwani, nikarudi nyuma kwenye grupu. Nawasomea. Meseji ya kwanza, mechi tatu: "Matokeo hayaridhishi, kamati imeamua kutafuta mwelekeo mpya, tunamtakia kila la heri." Meseji ya pili, mechi sita: "Ndugu zangu tuwe na subira, kocha anajenga timu." Simu moja. Vidole vivi hivi.

(Hapa palikuwa kimya, mnaosoma, hata nyama ilisikika.)

Nikaenda kumtafuta yule Mrundi. Anafanya kazi weahausi kule upande wa Groveport, nilimkuta wakati wa chakula ameketi ndani ya gari na kontena lake la ugali. Nikamwambia kila kitu, nikamsomea zote mbili kama nilivyowasomea nyinyi. Akamaliza kutafuna, akaniambia, "Katibu, ile mechi ya kwanza tulikuwa tisa uwanjani. Wengine walikuwa kazini. Unakumbuka?"

Nikamwambia nakumbuka.

"Kwenye meseji yako hukuandika."

Ni kweli, sikuandika. Leo naandika: tulikuwa tisa.

Yuko hapa. Ni yule mwenye kofia nyekundu chini ya mti, msimpigie makofi, hapendi. Amekubali kuchukua watoto wa chini ya miaka kumi na mbili, mazoezi Jumanne saa kumi na mbili jioni, uwanja ule ule, mje na maji. Alitoa sharti moja na mimi nimeliandika. Misimu miwili kamili, afungwe asifungwe, hakuna kikao juu yake na hakuna meseji. Karatasi iko hapa mezani. Wanakamati wanne wameshasaini. Amebaki mweka hazina, na mimi namuona toka nianze kuongea anageuza kipande kimoja tu cha nyama, kimeshaungua hicho, njoo usaini.